Jukwaa Lililo Sikioni: Redio na Elimu ya Tamthilia na Utamaduni



Ndugu msomaji, kila mwaka vyuo vyetu vikuu hupokea tasnifu zinazohusu ngoma, nyimbo za misiba, hadithi za wazee, jando na unyago, na tamthilia za Kiswahili. Mtafiti huenda kijijini na kinasa sauti, huketi na wazee, huuliza na kuandika. Kisha hurudi chuoni, huandika kwa lugha ya kitaalamu, mara nyingi Kiingereza, hutetea kazi yake mbele ya wahadhiri wachache na kuhitimu. Kitabu huwekwa rafuni. Bibi aliyeimba wimbo ule hajui kilichosemwa juu yake, na wajukuu zake hawajui kwamba wimbo wa bibi yao umekuwa somo la chuo kikuu.

Masomo ya namna hii huitwa insia: falsafa, historia, lugha, fasihi na sanaa. Ni masomo yanayomchunguza mwanadamu kwa kutazama anachokisema, anachokikumbuka na anachokitengeneza. Sisi tunaosoma falsafa seminarini tumo katika ukoo huo. Swali la makala haya ni hili: je, elimu hiyo inaweza kurudi kwa wenyewe kwa njia ya redio, na kwa masharti gani? Nitaeleza kwanza kwa nini tamthilia inafaa redioni, kisha msomi anapaswa kubadili nini mbele ya kipaza sauti, kisha hatari iliyopo. Mwisho nitaonyesha nafasi ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo katika kazi hii.

Tamthilia bila macho

Mtu anaweza kupinga tangu mwanzo: tamthilia ni ya kutazamwa. Ina jukwaa, maleba, mapambo na miili ya waigizaji, na redio haina hata kimoja kati ya hivyo.

Jibu la pingamizi hili ni la zamani sana. Katika Poetika, kitabu cha karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle anataja sehemu sita za tanzia: msuko wa matukio, tabia za wahusika, fikra, lugha, wimbo, na yale yanayoonekana jukwaani. Msuko anauweka mbele na kuuita roho ya tanzia. Yanayoonekana anayaweka mwisho. Anakiri kwamba yana mvuto, lakini anaona kuwa ni kazi ya fundi wa maleba kuliko ya mtunzi. Mbele kidogo anaongeza kwamba kisa kinapaswa kusukwa vizuri kiasi kwamba hata mtu asiyeona kitu, akikisikia tu, atetemeke na kuona huruma, kama inavyompata anayesikia habari za mfalme Oedipus.

Tukihesabu, redio inaondoa sehemu moja kati ya sita, tena ile ambayo Aristotle aliiweka nyuma. Tano zinabaki.

Waandishi wa kwanza wa michezo ya redio waligundua jambo hilo kwa vitendo. Tarehe 15 Januari 1924, BBC ilirusha kutoka London mchezo wa Richard Hughes uitwao Danger, mmojawapo wa michezo ya mwanzo kabisa kuandikwa kwa ajili ya redio. Hughes aliwaweka wahusika wake ndani ya mgodi wa makaa ya mawe baada ya taa kuzimika. Wahusika hawaoni, na msikilizaji naye haoni. Wote wanategemea sauti, mwangwi na maji yanayoingia. Kwa hiyo upungufu wa redio ukawa sehemu ya kisa chenyewe.

Sisi Wakatoliki tunao mfano mwingine. Mwaka 1941, mji wa Kraków nchini Poland ukiwa chini ya utawala wa Wajerumani, Mieczysław Kotlarczyk alianzisha kikundi kilichoitwa Teatr Rapsodyczny. Vijana wachache walikutana kwa siri katika nyumba za watu, wakaigiza fasihi ya Kipolandi karibu bila mapambo wala maleba, wakitegemea nguvu ya neno. Kugunduliwa kungeweza kuwagharimu maisha. Mmoja wao alikuwa Karol Wojtyła, aliyeanza masomo ya seminari kwa siri mwaka uliofuata, ambaye leo tunamwita Mtakatifu Yohane Paulo II. Hiyo haikuwa redio, lakini ilionyesha kwamba utamaduni wa taifa lililofungwa mdomo unaweza kuhifadhiwa na neno linalotamkwa vizuri.

Na hata bila kwenda Kraków, wengi wetu tulisimuliwa hadithi usiku, moto ukiwa umefifia na uso wa bibi hauonekani sawasawa. Zimwi tulilijua kwa sauti nzito na Sungura kwa sauti nyembamba. Anayesema kwamba tamthilia haiwezi kuishi sikioni amewasahau wasimulizi wake.

Msomi mbele ya kipaza sauti

Tukikubali kwamba tamthilia inaweza kusikika, je, elimu juu ya tamthilia nayo inaweza? Hapa kuna ugumu. Padre Walter Ong, Mjesuiti wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1982 kuhusu usimulizi na maandishi kwamba sauti hutoweka mara tu inapotamkwa. Ndiyo maana jamii zisizotumia maandishi hurudia mambo, hutumia methali, mizani na majibizano: bila hivyo elimu ingepotea. Redio na televisheni, kwa maoni yake, zimetuletea usimulizi wa namna ya pili, unaoegemea maandishi lakini unaopita masikioni.

Kwa msomi hili lina maana ya kawaida kabisa. Msomaji asipoelewa hurudi nyuma ukurasa mmoja. Msikilizaji hawezi. Anapika, anapalilia, au yuko ndani ya daladala. Akipotea kwa dakika mbili, amepotea kipindi kizima.

Mtoto wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, alitupa mfano mzuri wa kushinda ugumu huo. Mwaka 1979 alialikwa kutoa mihadhara ya Reith ya BBC, iliyoanza mwaka 1948 kwa mihadhara ya mwanafalsafa Bertrand Russell. Mazrui alizungumza juu ya hali ya Afrika katika mihadhara sita, na kila mmoja aliujenga juu ya fumbo moja lenye pande mbili zinazopingana. Alianza na hili: inakuwaje bara lililokuwa makao ya kwanza ya mwanadamu likawa la mwisho kufanywa makao yanayofaa kwa maisha ya kisasa? Hoja zilizofuata zilikuwa nzito, lakini msikilizaji alikuwa na kitu kimoja cha kushika mkononi. Mtu aliyekulia penye vitendawili anaelewa siri hiyo. Ukisema “Kitendawili!” na wenzako wakajibu “Tega!”, tayari wameahidi kukusikiliza.

Tuone tofauti hiyo kwa mfano wa kubuni. Tasnifu inaweza kusema kwamba ngoma fulani “hutekeleza dhima ya kuimarisha mshikamano wa kijamii katika muktadha wa mpito wa rika”. Redioni tungeanza na ngoma yenyewe kwa nusu dakika. Kisha sauti ingesema: “Anayeimba ni shangazi wa binti. Mama mzazi ameketi nje. Kwa nini mama haruhusiwi kuingia?” Baada ya hapo shangazi angejibu kwa maneno yake, na msomi angefuata kueleza alichokiona alipolinganisha ngoma hiyo na nyingine. Elimu haijapunguzwa. Mpangilio umebadilika: kwanza kitu chenyewe, kisha swali, kisha mwenye kitu, na mwisho mtaalamu.

Pia kuna masharti madogo ambayo watangazaji wazoefu wanayajua: sentensi fupi, majina machache, na jambo moja kwa kipindi. Mtu mpya akianza kusema, atajwe tena, kwa sababu uso wake hauonekani.

Usomi peke yake si kinga

Hapa tunapaswa kuwa waangalifu. Ni rahisi kudhani kwamba msomi akipewa kipaza sauti matokeo yatakuwa mema. Majirani zetu wa Rwanda walijifunza vingine kwa damu.

Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo mwezi Julai 1993. Haikusikika kama redio ya serikali. Ilipiga muziki uliopendwa, ilitania, iliongea lugha ya mitaani. Katika mazungumzo hayo hayo iliwafundisha watu kuwachukia majirani zao Watutsi, na mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994 ilitaja majina ya watu na mahali walipo. Mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria na mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu kuwa miaka 30.

Tukumbuke kwamba historia ni mojawapo ya masomo ya insia. Ukosefu wa elimu hauelezi maafa hayo. Wanaodai kupeleka utamaduni na historia redioni wanapaswa kulitafakari jambo hilo kabla ya kufungua kipaza sauti.

Tatizo lilikuwa wapi? Nadhani sehemu ya jibu iko katika tamthilia yenyewe. Redio ya chuki inasimulia historia kwa sauti moja. Anayesemwa hajibu. Tamthilia nzuri haiwezi kuandikwa hivyo. Mtunzi analazimika kumpa kila mhusika sababu zake, hata yule asiyempenda, la sivyo mchezo unakufa. Mtu anayefundishwa kusikiliza tamthilia anafundishwa kusubiri upande wa pili useme.

Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji, shirika la Radio La Benevolencija lilianza kurusha nchini Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya, maana yake mapambazuko mapya. Unasimulia vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, ambavyo ugomvi wao unakua hatua kwa hatua. Hatua hizo hazikubuniwa ovyo. Waandishi walitumia utafiti wa mwanasaikolojia Ervin Staub, aliyenusurika akiwa mtoto katika mauaji ya Wayahudi huko Hungaria na baadaye akachunguza jinsi jamii zinavyofikia kuua. Wakulima ambao wasingesoma vitabu vyake waliifuata hoja yake kwa kuwafuata vijana wawili wapendanao kutoka vijiji vyenye uhasama.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliyapima matokeo na kuyachapisha mwaka 2009. Kwa muda wa mwaka mmoja vikundi kadhaa vilisikiliza Musekeweya, na vingine vilisikiliza mchezo wa redio unaohusu afya. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona mambo ambayo jamii yao inayakubali, pamoja na matendo yao. Mwishoni vikundi vilipewa redio na kanda za kutumia kwa pamoja. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea haraka kumkabidhi vifaa kiongozi wa mtaa. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi, wakatofautiana hadharani, na walielekea kuvisimamia wenyewe.

Matokeo hayo ni ya wastani, na ndiyo sababu yananivutia. Redio haikuwageuza watu mioyo kwa usiku mmoja. Iliwasaidia kuthubutu kusema mbele ya wenzao, “Mimi sioni hivyo.” Mahali ambapo utii wa kipofu uliwahi kuua, neno hilo lina thamani kubwa.

Mfano wa nyumbani: nusu saa ya Maji Maji

Tuchukue sasa somo letu wenyewe. Wengi wanaifahamu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wahadhiri na wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka vita hivyo. Maneno hayo yalitoka vinywani yakaingia kwenye karatasi. Kipindi cha redio kinaweza kuyarudisha masikioni.

Kingeandaliwaje? Kwanza, onyesho fupi kutoka tamthilia hiyo, kwa idhini ya wenye hakimiliki, maana kazi ya mtu si ya kuchukua bure kwa sababu tunaitumia kwa wema. Pili, mzee wa Umatumbi au wa Songea aeleze aliyoyasikia kwa babu yake. Tatu, msomi wa fasihi aulizwe swali moja: mtunzi alibadili nini katika historia, na kwa nini?

Lakini hapo bado tunasikia upande mmoja. Mwezi Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto na wamisionari wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini. Februari 27, 1906, mashujaa wa Kingoni walinyongwa Songea na Wajerumani, na mpaka leo wanakumbukwa kila mwaka. Baadaye njaa iliyosababishwa na kuteketezwa kwa mashamba na maghala iliua maelfu kwa maelfu. Mkristo wa Peramiho au Songea anaweza kuwa na mababu katika zaidi ya upande mmoja wa kisa hiki. Kipindi kinachotaja wamisionari na kunyamazia walionyongwa kinadanganya, na kinachofanya kinyume chake kinadanganya vilevile. Katika mambo ya namna hii elimu ya tamthilia inaweza kuisaidia parokia kukumbuka yaliyopita bila kugombana upya.

Msikilizaji naye aseme

Redio ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa: inasema lakini haisikii. Mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, Bertolt Brecht, alilalamika juu ya hilo mwaka 1932. Alitaka redio iwe chombo cha mawasiliano ya pande mbili, msikilizaji naye apate nafasi ya kusema.

Tanzania ilijaribu jambo linalokaribia hilo mapema. Mwaka 1971 kampeni ya redio ya Wakati wa Furaha iliwakusanya watu katika vikundi kujifunza historia ya nchi yao, uhuru ulipotimiza miaka kumi. Mwaka 1973 ikafuata Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni mbili kwa wiki 12. Watu walikutana wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Nguvu ya kampeni haikuwa katika mawimbi peke yake. Ilikuwa chini ya mwembe, pale redio ilipozimwa na watu wakaanza kuzungumza.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, maaskofu wa AMECEA walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Kwa hiyo leo tunavyo vikundi ambavyo kampeni zile zililazimika kuviunda upya kila mara. Vinakutana kila wiki, vina viongozi, na vimezoea kusikiliza Neno na kushirikishana.

Pendekezo langu ni dogo. Mara moja kwa mwezi, baada ya sala, Jumuiya isikilize kipindi cha dakika ishirini juu ya tamthilia, wimbo au desturi ya mahali, iwe kupitia redio ya jimbo au kwenye simu ya mwanajumuiya. Kisha yaulizwe maswali matatu. Ni jambo gani tulilosikia ambalo sisi tunalijua kwa namna nyingine? Ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema? Je, desturi hii inatusaidia leo kuishi Injili, au inahitaji kutakaswa? Katibu arekodi majibu kwa simu na kuyatuma studio, na kipindi kinachofuata kianze na sauti hizo. Msomi atasahihishwa na bibi wa kigangoni, na itakuwa faida yake.

Hitimisho

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii ya mwaka 1963, ulitutaka tuvitumie vyombo hivi bila kuchelewa. Redio za majimbo yetu zipo, na sala na muziki havikosekani humo. Kinachopungua ni vipindi vinavyouliza kwa utaratibu sisi ni nani, tulitoka wapi, na jirani yetu anakionaje kisa kile kile.

Kwa waseminari wenzangu: tunajua kuigiza, maana sikukuu ya somo wa seminari haipiti bila mchezo. Likizo ijayo, kila mmoja anaweza kumrekodi mzee mmoja wa parokiani kwake akieleza wimbo mmoja, kwa ruhusa yake, katika chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi. Andika jina la aliyeimba, mahali na tarehe. Uliza maana ya maneno ambayo vijana hawayaelewi tena. Kisha, kabla ya kuipeleka rekodi hiyo popote, mrudie mzee huyo umsikilizishe, umuulize kama umemwelewa.

Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba imani huja kwa kusikia. Nasi tunaojiandaa kusema mbele ya watu maisha yetu yote tuna sababu ya kujizoeza kusikia kwanza.